Maisha ya Bwana Gosset, Aliyejiita Mwanafunzi

Kila mwaka vijana wa Kidato cha Tano na cha Sita ninaowafundisha biolojia huniuliza ni nani aliyetuletea "jaribio la t", hesabu ile inayowachosha wakirudi kutoka msituni. Nimeona heri niandike habari zake humu gazetini, ili wazazi nao, wakisikia kwamba watoto wao wamepanda mitelemko ya Meru kuhesabu miche, wajue ni kazi ya namna gani.

William Sealy Gosset alizaliwa Canterbury, Uingereza, tarehe 13 Juni, 1876. Baba yake alikuwa afisa wa wahandisi wa jeshi, na kijana naye alitaka kazi hiyo, lakini macho yake yalikuwa mabovu. Basi alisoma hesabu na kemia katika chuo kikuu cha Oxford, na mwaka 1899 akaajiriwa na kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin, Ireland.

Msishangae kwamba mjuzi wa hesabu alikwenda kupika pombe. Kiwanda kile kilinunua shayiri kwa wingi mno, na wenyewe walitaka kujua mbegu ipi ni bora. Mkulima wa shayiri wa Monduli atafahamu mara moja taabu iliyokuwapo: vipande viwili vya shamba havifanani kamwe, hapa udongo mzito, pale mwepesi. Ukipanda mbegu moja katika vipande vinne na nyingine katika vinne, na moja ikazaa zaidi, je, imeshinda kwa ubora wake au kwa bahati ya udongo? Kanuni za siku zile zilifaa kwa mtu mwenye vipimo mamia. Gosset alikuwa na vinne, vitano.

Mwaka 1906 kiwanda kilimpeleka London akasome kwa Profesa Karl Pearson, bingwa wa takwimu wa zamani hizo. Pearson alimpokea vizuri, ingawa yeye mwenyewe alizoea vipimo vingi na hakuona sana haja ya kushughulika na vichache. Hapo Gosset alifanya jambo ambalo mimi hulipenda kuliko yote katika habari zake. Alichukua vipimo vya wafungwa 3,000, urefu wa mwili na urefu wa kidole cha kati cha mkono wa kushoto, akaviandika katika kadi 3,000. Akazichanganya barabara kama karata, kisha akazigawa nne nne, akapata mafungu 750. Kila fungu akalitafutia wastani na mtawanyiko wake, akalinganisha matokeo na kanuni aliyokwisha kuibuni kwa hesabu. Kompyuta hakuna; ni mkono na subira. Akaona kwamba vipimo vikiwa vichache, mara nyingi mtawanyiko huonekana mdogo kuliko ulivyo kweli, na mtu hudanganyika akadhani amepata jambo la hakika.

Makala yake ilitoka mwaka 1908 katika jarida la Biometrika. Kiwanda hakikupenda washindani wajue kazi za wataalamu wake, kwa hiyo akatia jina la "Student", yaani Mwanafunzi. Baadaye Ronald Fisher, aliyekuwa bado kijana wa Cambridge alipomwandikia mwaka 1912, aliithibitisha kanuni ile na kuipanua ilinganishe makundi mawili. Jaribio tulitumialo leo ni kazi ya wote wawili.

Nitoe mfano, tarakimu hizi nimezitunga mwenyewe. Tuseme tumepiga kura kuchagua viwanja 5 vya mita moja mraba katika msitu wa asili, na 5 chini ya misindano huko Olmotonyi, tukahesabu miche iliyojiotea. Msituni tumepata 15, 9, 7, 8 na 11. Chini ya misindano 1, 7, 9, 8 na 5. Wastani ni 10 na 6. Kila hesabu tuitoe katika wastani wake, tuzidishe tofauti kwa yenyewe, tujumlishe: 40 kila upande, jumla 80. Tugawe kwa 8, yaani viwanja 10 kutoa makundi 2, tupate 10. Hiyo 10 tuizidishe kwa 2 na kuigawa kwa 5, tupate 4, ambayo kipeuo chake cha pili ni 2. Tofauti ya wastani, 4, tuigawe kwa 2 hiyo: t ni 2.

Kanuni ya vipimo vingi hutosheka na 1.96, nasi tungerudi mjini tukitangaza kwamba misindano inazuia miche. Jedwali la Mwanafunzi, kwa viwanja vichache hivi, linadai 2.31. Hatujafika. Wala si kusema kwamba misindano haina neno. Ni kwamba hatuna bado haki ya kuishtaki. Tungehesabu viwanja 10 kila upande, na wastani na mtawanyiko ukabaki ule ule, t ingekuwa 2.83, na jedwali lingetaka 2.10 tu. Basi vijana, viatu mguuni, tunarudi Olmotonyi.

Gosset alikuwa mpole, mpenda bustani na useremala. Pearson na Fisher waligombana vikali kwa miaka mingi. Yeye alibaki rafiki wa wote wawili, jambo ambalo si wengi waliliweza. Mwaka 1935 alihamia London kusimamia kiwanda kipya cha Guinness huko Park Royal. Alifariki tarehe 16 Oktoba, 1937, mwenye umri wa miaka 61, na karibu makala zake zote zilikuwa zimetoka kwa jina lile lile la Mwanafunzi.