Daktari wa Jeshi na Kuku Wagonjwa

Mwezi huu tumependa kuwasimulia wasomaji wetu habari za Christiaan Eijkman, daktari wa jeshi aliyepata kuwa mwalimu wa Chuo Kikuu. Tumemchagua kwa kuwa kazi yake inahusu chakula, na chakula ni habari ya kila nyumba.

Alizaliwa tarehe 11 Agosti 1858 huko Nijkerk, Uholanzi, mtoto wa saba wa mwalimu mkuu wa shule. Mwaka 1875 aliingia Chuo cha Waganga wa Jeshi mjini Amsterdam, kilichowaandaa vijana kwa ajili ya jeshi la makoloni. Hapo alimsaidia kwa miaka miwili profesa wa fiziolojia, yaani elimu ya jinsi viungo vya mwili vifanyavyo kazi. Mwaka 1883 alipata shahada ya udaktari, akaoa, kisha akasafiri kwenda nchi iitwayo leo Indonesia, wakati huo koloni la Uholanzi.

Utumishi wake wa kwanza ulikuwa mfupi na wa taabu. Malaria ilimshika hata mwaka 1885 akarudishwa kwao, na mwaka uliofuata mkewe alifariki. Eijkman alikwenda Berlin kujifunza kwa Robert Koch, bingwa wa vijidudu vya maradhi. Huko alikutana na madaktari wawili wa Kiholanzi, Pekelharing na Winkler, waliotumwa kuchunguza ugonjwa wa beriberi. Ugonjwa huo ulikuwa umeangusha askari wengi katika vita vya Aceh: miguu hufa ganzi, mwili hudhoofu au kuvimba, na mwisho moyo hushindwa. Mwaka 1886 Eijkman akarudi pamoja nao, na tangu Januari 1888 akawa mkuu wa maabara ya uganga huko Batavia, ndiyo Jakarta ya leo.

Siku hizo kila daktari alitafuta kijidudu. Eijkman naye aliwadunga kuku damu ya wagonjwa akangoja. Kuku waliugua kweli, wakapepesuka na kuanguka; lakini na wale ambao hawakudungwa kitu waliugua vile vile! Kisha, mwishoni mwa Novemba, wote wakapona bila dawa.

Jambo hili lilimsumbua, akaanza kuulizia chakula chao. Ikaonekana kwamba tangu Juni mtunza kuku alikuwa akiwalisha wali uliobaki katika jiko la hospitali ya jeshi, wali wa mchele mweupe uliokobolewa sana. Ndipo akaja mpishi mpya, naye hakukubali kuku wa kiraia wale mchele wa jeshi. Wakarudia mchele wa kawaida wenye ngozi yake, wakapona. Twaona mpishi huyo, ambaye jina lake halikuandikwa, alifanya kazi kubwa kuliko alivyojua.

Eijkman akajaribu tena na tena: mchele mweupe, kuku wanaugua, wakipewa pumba laini ya mchele, wanapona. Akina mama wanaobishana juu ya sembe na dona wataelewa habari hii upesi. Lakini je, wanadamu? Alimwomba Vorderman, mkaguzi wa afya huko Java, aangalie magereza. Vorderman alipita magereza 101 yenye wafungwa karibu 280,000. Walipokula mchele mweupe, mfungwa 1 katika kila 39 alipata beriberi; walipokula mchele wenye ngozi yake, ni 1 hivi katika kila 10,000.

Huko Batavia pia alipima pumzi, jasho na joto la mwili la Wazungu na la wenyeji, akaona hakuna tofauti ya maana. Watu wengi wa wakati ule walidai kwamba miili hiyo haifanani.

Mwaka 1896 afya ilimlazimu kurudi Uholanzi, na mwaka 1898 akawa profesa wa elimu ya afya katika Chuo Kikuu cha Utrecht. Lakini maana ya jambo aliloliona ilikuwa bado kumfungukia sawasawa. Yeye alidhani ndani ya mchele mna sumu, na ngozi yake ndiyo dawa ya kuiondoa. Gerrit Grijns, aliyeendeleza kazi ile Batavia, ndiye aliyeeleza mwaka 1901 kwamba sumu haimo. Kuna kitu ambacho mwili unakihitaji, na mashine ya kukoboa inakitupa. Eijkman alikubali baadaye. Kitu hicho ni vitamini B1, nacho kilipatikana kikiwa safi mwaka 1926, katika maabara ile ile ya Batavia.

Mwaka 1929 Eijkman alipewa Tuzo ya Nobel, pamoja na Mwingereza Frederick Hopkins. Grijns hakutiwa katika tuzo hiyo, nasi tunaona alistahili. Eijkman mwenyewe alikuwa mgonjwa mno hata hakuweza kwenda Stockholm kuipokea. Alifariki Utrecht tarehe 5 Novemba 1930, akiwa na umri wa miaka 72.