Goliathi wa Gathi

Hapana mtoto wa shule asiyelijua jina la Goliathi; lakini wengi wajua siku moja tu ya maisha yake, nayo ni siku ya kufa kwake. Habari zake twazipata kwa adui zake, maana watu wake hawakutuachia kitabu. Basi na tumtazame kutoka upande wa kwao.

Goliathi alikuwa Mfilisti. Asili ya Wafilisti si nchi ya Kanaani. Walikuja kwa bahari kutoka pande za Krete na visiwa vya Wayunani. Mwaka 1175 hivi K.K. Farao Ramses wa Tatu alipigana nao, akawachora ukutani mwa hekalu lake huko Medinet Habu, pamoja na merikebu zao na kofia zao zilizosimama kama manyoya ya ndege. Baadaye twawaona pwani ya Kanaani, nao wameshika miji mitano: Gaza, Ashkeloni, Ashdodi, Ekroni na Gathi. Mwaka 2019 wataalamu walitangaza kwamba wameichunguza mifupa ya watoto wachanga waliozikwa chini ya nyumba za Ashkeloni, wakaona ndani yake asili ya Ulaya ya kusini. Lakini baada ya miaka 200 hivi alama hiyo ilikuwa imefifia, kwa sababu walioana na wenyeji. Zamani za Goliathi, karibu mwaka 1000 K.K., wageni wale walikuwa wamekwisha kuwa wenyeji.

Mji wake, Gathi, ulikuwa juu ya kilima cha mawe meupe kiitwacho leo Tell es-Safi. Tangu mwaka 1996 wachimbaji waliufukua kwa miaka mingi, wakapata vyombo vya udongo vilivyotiwa nakshi, na mifupa mingi ya nguruwe, nyama ambayo Waisraeli hawakuila. Mwaka 2005 walipata kigae kidogo chenye majina mawili yafananayo na jina la Goliathi. Si jina lake yeye mwenyewe. Ila twajua kwamba watu wa mji ule walikuwa na majina ya namna ile.

Kitabu cha Samweli chasema kuwa alikuwa mtu wa vita tangu ujana wake. Na nguvu za vita siku zile zilikuwa chuma. Wafilisti hawakuruhusu mhunzi hata mmoja kukaa katika Israeli, na mkulima aliyetaka kunoa jembe lake ilimpasa kushuka kwao na kulipa. Wazee wetu wa Kilimanjaro wangalilifahamu jambo hili upesi, maana chuma cha mikuki yao kilitoka Ugweno, katika milima ya Upare. Mwenye chuma akikunyima, shamba lalala na vita vyalala.

Urefu wake wasemwa kuwa mikono sita na shubiri, yaani karibu mita tatu. Lakini nakala ya zamani zaidi, iliyoonekana katika pango karibu na Bahari ya Chumvi, yasema mikono minne na shubiri, yaani kama mita mbili. Mtu wa mita mbili yatosha kuogopwa! Dirii yake ya shaba ilikuwa na uzito wa shekeli 5000, karibu sawa na gunia la kahawa liendalo Moshi, na kichwa cha mkuki wake kilipata kilo 7 hivi.

Siku 40 alishuka katika Bonde la Ela, asubuhi na jioni, akitaka mtu mmoja wa Israeli apigane naye, na taifa la atakayeshindwa liwe watumwa. Mimi naona shauri lile halikuwa la kijinga: afe mmoja, wapone maelfu. Lakini hakuogopa kwamba huyo mmoja angeweza kuwa yeye. Daudi, mchungaji asiye na upanga, alimpiga kwa jiwe la kombeo katika paji la uso, kisha akamkata kichwa kwa upanga wake mwenyewe. Wafilisti wakakimbia, wala hawakuyatimiza maneno ya utumwa. (Mahali pengine kitabu kile kile chasema kwamba Elhanani wa Bethlehemu ndiye aliyemwua Goliathi, na wataalamu wameshindana sana juu ya neno hilo.)

Upanga ule uliwekwa kwa makuhani huko Nobu, umefungwa katika nguo. Daudi alipomkimbia Sauli aliuchukua, akakimbilia wapi? Gathi, kwa mfalme Akishi, mji wa mtu aliyemwua! Mara ya kwanza ilimbidi ajifanye mwenye wazimu ili apone. Mara ya pili Akishi alimpokea, akampa mji wa Siklagi akae. Na Daudi alipokuwa mzee, Absalomu mwanawe akamwasi, watu 600 wa Gathi pamoja na Itai walitoka naye Yerusalemu wala hawakumwacha.

Gathi wenyewe uliangushwa na Hazaeli mfalme wa Shamu karibu mwaka 830 K.K. Wachimbaji walikuta vyombo vimevunjika sakafuni chini ya majivu, na nje ya mji wakaona handaki refu ambalo askari wake walilichimba ili mtu asitoke.