Arthur Wharton, kipa aliyesahauliwa na washangiliaji wake

Ukivuka Mto Athi kwa barabara ya Namanga waingia Kitengela, mji wa Kajiado ambao sensa ya 2019 ilihesabu humo watu zaidi ya 154,000. Zamani yalikuwa malisho ya Wamaasai. Leo wamo watu wa kila kabila, wengi wakienda Nairobi kutafuta riziki, na watoto wao hucheza pamoja nje ya nyumba za kupanga. Siku ya mechi watoto hao huketi na baba zao kutazama kandanda ya Uingereza. Mchezaji mweusi akifunga ni ndugu yetu. Akikosa hutukanwa rangi yake, tena na vinywa vya watu weusi kama yeye. Siku ya Gor Mahia na AFC Leopards hutukanwa kabila la jirani. Mtoto yupo hapo mkekani, anasikia.

Basi, ndugu wasomaji, leo nitawasimulia habari za Arthur Wharton, ahesabiwaye kuwa mtu mweusi wa kwanza kucheza kandanda ya kulipwa ulimwenguni.

Alizaliwa tarehe 28 Oktoba 1865 mjini Accra, katika nchi ambayo leo ni Ghana. Babake alikuwa mhubiri wa Kimethodisti mwenye asili ya Grenada, na mamake alitoka katika ukoo wa kifalme wa Kifante. Mwaka 1882 alipelekwa Uingereza asomee ualimu na uhubiri. Wazazi wetu wa pwani waijua vizuri hadithi hii: kijana ametumwa chuoni, miguu yake imempeleka uwanjani.

Na miguu hiyo haikuwa ya mchezo. Mwezi Julai 1886, katika uwanja wa Stamford Bridge, London, alikimbia yadi 100 kwa sekunde 10 kamili akawa bingwa wa Uingereza. Mwaka uliofuata akaushika tena ubingwa huo. Hata hivyo, inasimuliwa kwamba katika mashindano mamoja aliwasikia wapinzani wakisema hawawezi kushindwa na mtu mweusi, wakimtaja kwa lile jina la matusi. Aliwataka wapigane ngumi kwanza, ndipo wakimbie. Hakuna aliyejitokeza.

Langoni alikuwa kioja. Alikuwa akining'inia kwenye mwamba wa goli na kuudaka mpira kwa miguu, na watu walikwenda uwanjani kumtazama yeye tu. Lakini alipokuwa na Preston North End, msimu wa 1886 hadi 1887, mwandishi mmoja wa gazeti la michezo aliikejeli rangi yake na kuuliza kama fuvu lake ni zito mno hata asifahamu kazi ya kipa. Makipa wazungu waliofanya vituko walichekwa kwa vituko vyao. Yeye aliambiwa ni kichwa cha Mwafrika. Nami niliyekula chumvi ya magazeti naona haya kwamba tusi hilo lilipigwa chapa.

Mwaka 1889 alitia saini kulipwa na Rotherham Town, na mwaka 1895 akaidakia Sheffield United katika daraja la kwanza dhidi ya Sunderland. Akahama timu hata timu, mpaka Stockport County mwaka 1902. Baada ya hapo, yule bingwa wa mbio aliingia chini ya ardhi kuchimba makaa ya mawe. Akafariki mwezi Desemba 1930, fukara, akazikwa Edlington katika kaburi lisilo na jina. Wale maelfu waliomshangilia hawakumwekea hata jiwe.

Tusidhani mambo hayo yamezikwa naye. Julai 2021, Rashford, Sancho na Saka walipokosa penalti katika fainali dhidi ya Italia, matusi ya rangi yaliwamiminikia usiku uleule kutoka kwa watu waliovaa jezi moja nao.

Kaburi la Wharton lilikaa miaka 67 bila ya alama. Mwaka 1997 wapinga ubaguzi wa rangi viwanjani, wa mji wa Sheffield, ndio waliofanya bidii hata likasimamishiwa jiwe lenye jina lake. Mwaka 2014 ikazinduliwa sanamu yake kubwa ya shaba huko St George's Park, inakofanyia mazoezi timu ya taifa ya Uingereza: amejinyoosha hewani, mkono juu, anautoa mpira nje.