Shaaban Robert, Karani Aliyewaandikia Vijana



Kila mkutano wetu hutuletea habari za waliofanikiwa katika biashara na vyeo. Safari hii naomba tumkumbuke mtu ambaye wengi wetu, kuanzia Temeke na Chang'ombe hadi Kinondoni, tulimjua kwa vitabu vyake kabla ya kumjua kwa sura. Huyo ni marehemu Shaaban Robert.

Alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, Machui, karibu na Tanga. Asili ya ukoo wake ni Wayao, lakini yeye mwenyewe alijiona Mswahili. Mwaka 1922 aliingia shule hapa Dar es Salaam, akamaliza mwaka 1926. Miaka hiyo minne mitano ndiyo mizizi ya elimu yake. Mengine aliyajaza mwenyewe kwa kusoma usiku baada ya kazi.

Tangu mwaka 1926 hadi 1944 alikuwa karani wa Forodha, na baadhi ya miaka hiyo aliipitisha Pangani. Kisha alihamishiwa Idara ya Wanyama, akarudi Tanga mwaka 1946 katika ofisi ya wilaya, na tangu mwaka 1952 akawa katika ofisi ya upimaji wa ardhi hadi alipostaafu. Hakupata kuishi kwa kalamu yake peke yake. Mchana aliandika hati za serikali ya kikoloni, usiku akaandika yaliyo yake, na kwa njia hiyo alituachia vitabu zaidi ya ishirini.

Mwanzo wa uandishi wake kwa vijana ulikuwa nyumbani kwake. Mkewe, Amina, alifariki akamwachia watoto. Shaaban alimwombolezea kwa shairi linalosomwa hata leo, kisha akatunga tenzi mbili za kuwausia wanawe: Utenzi wa Hati kwa binti yake, na Utenzi wa Adili kwa mwanawe wa kiume. Baba huyu aliishi kwa mshahara wa karani. Aliwarithisha maneno, na urithi ule ukatufikia hata sisi tusio wa ukoo wake.

Mwaka 1952 kilitoka Adili na Nduguze. Asili yake ni hadithi mojawapo ya Alfu Lela U Lela, ambamo ndugu wawili wenye husuda waligeuzwa mbwa. Shaaban aliwageuza manyani, akabadili majina na nchi, akaipa hadithi lafudhi ya kwetu. Kijana asomaye huvutwa na swali moja: kwa nini Adili, mtu mwema, huwapiga manyani wawili kila usiku huku moyo wake ukiumia? Mpaka alipate jibu, amekwisha kujifunza habari za husuda na msamaha bila ya kuhubiriwa.

Lakini kitabu kilichohitaji ushujaa ni Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951, miaka mitatu kabla ya TANU kuzaliwa. Humo Karama anashtakiwa kwa kosa la kutaka watu wafundishwe sheria, naye anajitetea kwa kuwataja wajumbe waliotumwa nchi za mbali, wakarudi na maarifa, wakatupwa gerezani. Nchi yenyewe inaelea hewani, basi hapakuwa na mkubwa wa kusema ametajwa yeye. Wasomaji wengi walielewa. Tukumbuke kwamba wakati huo riziki ya mwandishi ilitoka serikalini.

Wapo wasemao kwamba watu wake ni wema mno au waovu mno, na kwamba majina yao huwafichua mapema. Hoja hiyo ina ukweli. Hata hivyo, ndiyo desturi ya hadithi za bibi zetu, na mtoto huingia kwa urahisi mlango anaoufahamu.

Alitunukiwa zawadi ya Margaret Wrong na nishani ya MBE. Aliiona Tanganyika ikipata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961, akafariki mwezi Juni 1962, akiwa na umri wa miaka 53. Alizikwa Machui. Baadhi ya kazi zake bora hakuziona zikiwa vitabu: Kufikirika kilitolewa mwaka 1967, Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote mwaka 1968.

Sasa neno langu kwenu. Nimezungumza na vijana kadhaa wanaoweza kumtaja Karama na Adili, ila wamewajua kwa muhtasari wa kujibia mtihani. Kitabu chenyewe hawajakishika. Mtu aliyejinyima usingizi baada ya kazi ya ofisi hakustahili kusomwa kwa kurasa mbili za muhtasari. Wanafunzi, someni kitabu kizima, hata kama ni kimoja kwa muhula. Nasi wazee wa shule, kila mmoja aje katika mkutano ujao na nakala moja ya kitabu cha Shaaban Robert kwa ajili ya maktaba. Mimi yangu nimekwisha kuinunua.