Makato ya mshahara: Funzo kutoka maisha ya Tom Mboya

Kiswahili kina maneno kadha ya kutaja fedha ambazo mwananchi hutoa: kodi, ushuru, ada na mchango. Atoaye mchango hutoa kwa ridhaa yake, na alipaye kodi hulipa kwa nguvu ya sheria. Hata hivyo, fedha zinazokatwa kwenye mshahara wa mwalimu wa Rongo au Mbita kabla hajaugusa zimezoeleka kuitwa mchango, ilhali hiari yake haimo hata chembe. Katika mjadala uliozuka nchini tangu mwaka 2023 kuhusu makato hayo, ni vyema tumkumbuke mwana wa Rusinga aliyeyajua mambo ya mshahara kuliko wengi wa kizazi chake.

Thomas Joseph Odhiambo Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 katika shamba la mkonge la Kilima Mbogo, karibu na Thika, mbali na kisiwa cha wazazi wake. Baba yake, Leonard Ndiege, alikuwa mfanyakazi wa shamba hilo. Haikuwa ajabu. Serikali ya kikoloni ilidai kodi ya nyumba na ya kichwa kwa fedha taslimu, na sehemu zinazoitwa leo Homa Bay na Migori hazikuwa na ajira za kutosha za kuwapa watu fedha hizo. Wanaume wengi walilazimika kuyafuata mashamba ya Wazungu. Kodi ilijaza hazina ya serikali na papo hapo ikamjazia setla vibarua.

Mboya alisoma Kabaa, Yala na Mang'u, kisha ukata ukamkatizia masomo. Akajifunza ukaguzi wa afya na kuajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi. Huko alikuta Mwafrika akilipwa mshahara mdogo kuliko Mzungu kwa kazi ile ile. Hapo ndipo alipoanza harakati zake. Alishiriki kuunda chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa, na mwaka 1953 akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini, akiwa na umri wa miaka 23 tu. Chama cha KAU kilikuwa kimepigwa marufuku, na shirikisho hilo likawa mojawapo ya sauti chache halali za Mwafrika wakati wa Hali ya Hatari.

Mwezi Machi 1955 makuli wa bandari ya Mombasa waligoma. Mboya alikwenda pwani, akawasihi warudi kazini huku madai yao yakipelekwa mbele ya baraza la usuluhishi, na hatimaye wakapata nyongeza ya asilimia 33. Alijua kupigania mshahara, na alijua pia wakati wa kuketi mezani. Baada ya kusoma mwaka mmoja katika Chuo cha Ruskin, Oxford, alichaguliwa mwaka 1957 kuingia Baraza la Kutunga Sheria.

Mwaka 1959 alisimamia safari ya wanafunzi 81 kwenda vyuo vya Marekani. Marafiki wa huko walichangia nauli, na hapa nyumbani familia na wanakijiji walikusanya walichokuwa nacho ili kijana wao asafiri. Huo ulikuwa mchango kwa maana halisi ya neno. Mtoaji alimjua mpokeaji, na aliweza kuuliza fedha zimefika wapi.

Alipokuwa Waziri wa Leba mwaka 1962, Mboya aliwakutanisha serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi, wakatia saini Mkataba wa Uhusiano wa Viwandani. Mwanzoni mwa mwaka 1964 pande hizo tatu ziliafikiana tena. Waajiri wa kibinafsi waliahidi kuongeza wafanyakazi kwa asilimia 10 na serikali kwa asilimia 15, nao wafanyakazi wakakubali kutodai nyongeza kwa mwaka mmoja. Matunda yake hayakudumu, kwa kuwa waajiri wengi hawakujaza nafasi za walioacha kazi. Lakini angalau mfanyakazi aliombwa kabla ya kubebeshwa mzigo.

Mwaka 1965, Mboya akiwa Waziri wa Mipango ya Uchumi, ilichapishwa Sera ya Kikao Nambari 10 kuhusu ujamaa wa Kiafrika, waraka ambao yeye alikuwa mtetezi wake mkuu. Haki itendeke: waraka huo ulielekeza rasilimali kwenye maeneo yaliyokwisha kuwa na rutuba na miundombinu, na mikoa mingine ingali ikilalamikia hatua hiyo. Ni katika kipindi hicho serikali ilipounda hazina ya NSSF, mwaka 1965, na ya bima ya hospitali, NHIF, mwaka 1966. Makato kwa ajili ya hifadhi ya jamii yakawa sehemu ya maisha ya mwajiriwa.

Tarehe 5 Julai 1969 Mboya aliuawa kwa risasi jijini Nairobi, akiwa na umri wa miaka 38. Alizikwa Rusinga.

Mbegu iliyopandwa enzi zake imekuwa mti mkubwa. Ushuru wa nyumba ulianzishwa mwaka 2023, ukawekewa sheria mpya Machi 2024: asilimia 1.5 kutoka kwa mfanyakazi, na kiasi hicho hicho kutoka kwa mwajiri. Oktoba 2024 bima ya afya ya jamii ikachukua mahali pa NHIF kwa kiwango cha asilimia 2.75. Mwalimu mwenye mshahara wa shilingi 50,000 aliyekuwa akikatwa shilingi 1,200 za NHIF alijikuta akikatwa shilingi 1,375 za bima na 750 za nyumba, jumla 2,125, mbali na kodi ya mapato.

Kwa nini serikali hukimbilia mshahara? Kwa sababu mwajiriwa hana pa kujificha. Ajira rasmi nchini ni zaidi kidogo ya milioni 3, na watu wapatao milioni 17 wamo katika jua kali na biashara ndogo ndogo. Wachache hubebeshwa mzigo wa wengi. Katika kaunti kama Homa Bay na Migori, mshahara wa mwalimu na muuguzi ndio mvua ya soko. Unapopungua, huumia muuza samaki wa Sori, fundi cherehani wa Oyugis na mwenye duka wa Awendo, ambao hata hati ya mshahara hawana.

Tena, serikali ndiyo mwajiri mkubwa kuliko wote. Fungu la mwajiri kwa ajili ya mwalimu hutoka katika hazina ile ile inayodaiwa kunufaika, na serikali ya kaunti hulilipia watumishi wake kutoka bajeti ambayo ingenunua dawa. Mwajiri wa kibinafsi naye hulifidia fungu hilo kwa kuajiri wachache au kuchelewesha nyongeza.

Sisemi makato yafutwe. Hospitali haiendeshwi kwa maombi, na nyumba zikijengwa Migori waashi wa Migori watapata riziki. Ninalosema ni kwamba kiwango kisipandishwe kabla ya wafanyakazi, waajiri na serikali kuketi pamoja kama mwaka 1962, na kabla ya kila kaunti kuelezwa hadharani imetoa kiasi gani na imerudishiwa nini. Mwalimu akiyajua hayo, huenda siku moja akayaita makato yake mchango bila kuulaghai ulimi wake.