San Martín: Jemadari Aliyeuzuia Upanga Wake

Mwezi Februari mwaka 1829, meli iliyotoka Ulaya ilitia nanga mbele ya mji wa Buenos Aires, nchini Argentina. Miongoni mwa abiria wake alikuwamo mtu wa makamo aliyesafiri kwa jina la ukoo wa mama yake ili asitambuliwe. Huyo alikuwa Jemadari José de San Martín, ambaye jeshi lake liliwashinda Wahispania katika Chile na kuutangaza uhuru wa Peru. Hata hivyo hakushuka pwani. Alipata habari kwamba maafisa aliowaongoza zamani walikuwa sasa wakiuana wenyewe kwa wenyewe, naye akaendelea na safari hadi Montevideo. Ili kuelewa kwa nini mshindi alikataa kukanyaga ardhi ya nchi yake mwenyewe, yatupasa kuyafuata maisha yake tangu mwanzo.

San Martín alizaliwa tarehe 25 Februari 1778 huko Yapeyú, kando ya mto Uruguay, wakati Argentina ilipokuwa koloni la Hispania. Baba yake alikuwa afisa katika jeshi la mfalme. Akiwa bado mtoto mdogo alipelekwa Hispania, na mwaka 1789, akiwa na umri wa miaka 11 tu, aliandikishwa kuwa kadeti katika kikosi cha Murcia. Kwa zaidi ya miaka 20 alimtumikia mfalme. Alipigana Oran, katika Afrika ya Kaskazini, kisha akapigana na majeshi ya Napoleon, na baada ya vita vya Bailén vya mwaka 1808 alipandishwa cheo kuwa luteni kanali. Lakini makoloni ya Amerika yalipoanza kudai haki ya kujitawala, aliliacha jeshi lile lililomlea, na mwezi Machi 1812 akawasili Buenos Aires.

Huko aliunda kikosi cha wapanda farasi, akakifunza kwa mkono wake. Kikosi hicho kilipata jaribio lake la kwanza tarehe 3 Februari 1813 huko San Lorenzo. Farasi wa San Martín alipigwa risasi, akamwangukia na kumbana mguu. Aliyemnasua ni askari wa cheo cha chini, Juan Bautista Cabral, mwenye asili ya Kiafrika na ya wenyeji wa Amerika. Cabral alipoteza maisha yake katika tendo hilo. Bila ya askari huyo, historia ya Amerika ya Kusini ingefuata njia nyingine.

Ngome kuu ya Wahispania ilikuwa Lima, mji mkuu wa Peru. Majeshi ya Buenos Aires yalikuwa yamejaribu kuifikia kwa kupitia nyanda za juu za nchi iitwayo leo Bolivia, yakashindwa. San Martín aliona kwamba njia hiyo haipitiki. Aliazimia kuivuka milima ya Andes, kuikomboa Chile kwanza, kisha kwenda Peru kwa bahari. Mwaka 1814 aliomba apewe ugavana wa jimbo la Cuyo, lililo chini ya milima hiyo. Watu waliudhania uamuzi huo kuwa ni wa mtu aliyechoka, kumbe ndio uliokuwa mwanzo wa kazi yake.

Kwa zaidi ya miaka miwili mji wa Mendoza uligeuka kuwa karakana ya vita. Mtawa mmoja, Luis Beltrán, aliyeyusha kengele za kanisa akatengeneza mizinga. Wanawake walitoa vito vyao, na gavana mwenyewe akaacha nusu ya mshahara wake. Watumwa zaidi ya elfu moja, Waafrika na wana wa Waafrika, waliingizwa jeshini kwa ahadi ya uhuru. Miongoni mwa watumwa wa nchi ile walikuwamo watu waliotolewa Angola, Kongo na hata Msumbiji. Wengi wa askari hao hawakurudi tena. Wakombolewapo Chile na Peru wakitajwa, ni haki watajwe na wao pia.

Waargentina husimulia kisa kimoja cha siku hizo. San Martín alikuwa ametoa amri kwamba asiingie mtu katika nyumba ya baruti akiwa amevaa viatu vyenye vyuma, kwa kuhofia cheche. Siku moja alikuja yeye mwenyewe akiwa na buti na vyuma vya kuchochea farasi. Askari wa zamu alimzuia. Jemadari alijaribu tena, akazuiwa tena. Alikwenda kubadili viatu, akarudi, ndipo akaruhusiwa kupita. Askari yule hakuadhibiwa, bali alitunzwa.

Mwezi Januari 1817 jeshi la watu wapatao 5,000 liliianza safari, likiwa na nyumbu zaidi ya 9,000. Lilipita katika njia sita tofauti ili adui asijue pigo litatokea wapi. Njia nyingine zilipanda zaidi ya mita 4,000, mahali ambapo pumzi ni haba na baridi ya usiku huua. Askari walikula nyama iliyokaushwa na kutwangwa, na vitunguu ili kupambana na ugonjwa wa milimani. Zaidi ya nusu ya wanyama hawakufika. Lakini jeshi lilifika, na tarehe 12 Februari likawashinda Wahispania huko Chacabuco. Watu wa Chile walimpa San Martín utawala wa nchi yao, akaukataa, ukachukuliwa na Bernardo O'Higgins. Alipopewa zawadi ya peso 10,000 alizitoa ili kujenga maktaba ya taifa. Ushindi wa Maipú, tarehe 5 Aprili 1818, ndio uliouthibitisha uhuru wa Chile.

Kisha ukaja mtihani mkubwa zaidi. Serikali ya Buenos Aires, iliyokuwa ikigombana na majimbo yake, ilimwamuru arudi na jeshi ili kuwapiga wapinzani wake. Askari yeyote ajua uzito wa amri, na San Martín alikuwa mtu wa nidhamu kuliko wengi. Hata hivyo hakuitii amri hiyo. Serikali ile ilipoanguka mwaka 1820, hakujifanya kana kwamba hakuna lililotokea. Aliurudisha uongozi mikononi mwa maafisa wake huko Rancagua, wapate kumchagua mwingine wakitaka. Maafisa wakamthibitisha yeye.

Mwezi Agosti mwaka huo alitweka tanga kutoka Valparaíso, na tarehe 28 Julai 1821 akautangaza uhuru wa Peru mjini Lima. Akiwa mtawala, aliamuru kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa tangu siku hiyo wawe huru, akaondoa kodi waliyotozwa wenyeji wa asili, akaanzisha maktaba ya taifa. Makosa nayo alikuwa nayo. Aliamini kwamba Peru ifaa kutawaliwa na mfalme atakayeletwa kutoka Ulaya, jambo ambalo wazalendo wengi hawakulipenda.

Wahispania walikuwa bado na nguvu milimani, na jeshi lake halikutosha. Ndipo tarehe 26 Julai 1822 alipokutana huko Guayaquil na Simón Bolívar, mkombozi wa nchi za kaskazini. Walizungumza faraghani, na waliyosemezana yangali yakibishaniwa na wanahistoria. Matokeo yake yajulikana. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na San Martín ndiye aliyeondoka zizini. Tarehe 20 Septemba alijiuzulu mbele ya bunge la Peru. Kazi iliyobaki ilimalizwa na watu wa Bolívar katika vita vya Ayacucho vya mwaka 1824.

Wapo waliosema kwamba aliitoroka kazi yake. Alirudi kumkuta mkewe Remedios amekwisha kufariki mwaka 1823, akamchukua binti yake wa pekee, Mercedes, wakaenda Ulaya. Aliporejea mwaka 1829, Jenerali Lavalle, aliyekuwa afisa wake katika milima ya Andes, alikuwa amemwua gavana Dorrego bila ya hukumu ya mahakama. Lavalle alimpelekea wajumbe huko Montevideo kumpa utawala. San Martín alitambua kwamba atakayekubali cheo hicho atalazimika kuwamaliza Waargentina wa upande mmoja kwa ajili ya upande wa pili. Alikataa, akarudi Ulaya, asiione tena nchi yake. Vita vya wenyewe kwa wenyewe viliendelea kwa miaka mingi, lakini mkono wake haukuwamo.

Alifariki tarehe 17 Agosti 1850 huko Boulogne-sur-Mer, Ufaransa. Mwaka 1880 mabaki yake yalirudishwa Buenos Aires, yakazikwa kwa heshima katika kanisa kuu. Silaha ya askari ni amana ya taifa zima, si mali ya kundi wala ya mtu. San Martín aliitumia amana hiyo dhidi ya mtawala wa kigeni, na alipotakiwa aitumie dhidi ya ndugu zake, aliuacha upanga alani.