Edvard Grieg: Mtunzi Aliyesikiliza Nyimbo za Wazee

Jumapili hii tunasimulia maisha ya Edvard Grieg, mtunzi mkubwa wa muziki wa Norwei. Watoto wetu wanaojifunza piano au violin katika shule za hapa Dallas, Fort Worth na Houston huenda wamekwisha kupiga muziki wake wa Peer Gynt bila kujua habari zake.

Grieg alizaliwa Bergen, mji wa bandari, tarehe 15 Juni 1843. Wengi hawajui kwamba ukoo wake ulikuwa wa wahamiaji. Babu wa baba yake alitoka Uskoti katika karne ya 18 akafanya biashara ya samaki Bergen, na hata jina la ukoo likabadilishwa tahajia ili wenyeji waweze kulitamka. Ndugu zangu ambao majina yetu hutamkwa vibaya kila siku kazini tunaelewa.

Mama yake, Gesine, ndiye aliyemfundisha piano. Mwaka 1858, mpiga violin mashuhuri Ole Bull alimsikia kijana huyo akawashauri wazazi wampeleke Leipzig, Ujerumani. Alikuwa na miaka 15 tu. Huko aliugua vibaya mapafu, na pafu moja likaharibika kwa maisha yake yote.

Norwei ilikuwa imetawaliwa na Denmark kwa karne nyingi, kisha ikaunganishwa na Sweden. Watu wa mjini waliuona muziki wa Ujerumani kuwa ndio muziki, na nyimbo za vijijini wakazidharau. Wahubiri wengine waliiita fidla ya Hardanger chombo cha shetani, na zipo zilizochomwa moto. Je, hatukusikia hayo hayo nyumbani kuhusu ngoma na zeze?

Aliyemfumbua macho Grieg ni kijana mwenzake, Rikard Nordraak, aliyetunga muziki wa wimbo wa taifa wa Norwei. Nordraak alimwonyesha kwamba hazina iko nyumbani. Lakini alipolala mgonjwa wa kifua kikuu mjini Berlin, Grieg hakukaa naye. Alisafiri kwenda Italia. Nordraak akafa Machi 1866, akiwa na miaka 23. Grieg alipata habari akiwa Roma, akatunga muziki wa mazishi wa kumlilia rafiki yake. Majuto hayakumrudisha marehemu, ila kazi waliyoianza pamoja hakuiacha.

Mwaka 1867 alimwoa Nina Hagerup, mwimbaji. Mwaka uliofuata akazaliwa binti yao Alexandra, na Grieg akatunga konseto yake maarufu ya piano. Mtoto huyo alifariki mwaka 1869, akiwa na umri wa mwaka mmoja na kidogo. Hawakupata mtoto mwingine aliyeishi. Katika huzuni hiyo Grieg alikuwa akisoma nyimbo za vijijini zilizokusanywa na Ludvig Lindeman, mpiga kinanda wa kanisa, na mwaka 1870 akatoa vipande 25 vya piano kutokana na nyimbo hizo.

Mwaka 1901 mzee Knut Dahle, mpiga fidla wa Telemark, alikuwa na hofu kwamba ngoma alizorithi zingezikwa pamoja naye, akamwandikia Grieg. Grieg alikuwa mgonjwa na mashuhuri, angeweza kuipuuza barua ile. Badala yake alimwomba Johan Halvorsen amsikilize mzee na kuandika kila noti. Kisha Grieg akazipanga kwa piano. Kwa sababu barua ile ilijibiwa, ngoma za Dahle zinapigwa hadi leo.

Imani ya Grieg haikuwa nyepesi. Alikuwa na maswali mengi juu ya mafundisho ya kanisa. Hata hivyo kazi yake kubwa ya mwisho, mwaka 1906, ilikuwa zaburi nne za kwaya, zilizojengwa juu ya tenzi za zamani za kanisa la kwao. Alifariki Bergen tarehe 4 Septemba 1907.

Wanorwei walifika hata Texas. Katika kaunti ya Bosque, kusini mwa Fort Worth, walianza kulima mwaka 1854. Walijenga makanisa wakaabudu kwa lugha yao. Makanisa yapo bado, na makaburi yana majina ya Kinorwei, lakini vizazi vilivyofuata vilihamia Kiingereza. Ilitokea polepole tu, nyumba moja baada ya nyingine.

Nasi tunazo hazina zetu. Mfurahini Haleluya, wimbo wa Pasaka kutoka Tanzania, leo unaimbwa na Walutheri wa Marekani. Lakini ziko nyimbo nyingi ambazo bibi zetu wanazijua na hazijaandikwa popote. Wiki hii tukipiga simu nyumbani, tusiulize habari za afya na fedha tu. Tumwombe bibi au babu aimbe wimbo mmoja, tumrekodi, na mtoto awe karibu akisikiliza.

Mungu awabariki. Jumapili njema.